Gari Linalovuta Kushoto

Mume wangu Theonest ameendesha gari miaka yote ya ndoa yetu bila kumkanyaga hata kuku, na jambo hilo alikuwa akilisema kila alipopewa nafasi ya kusema, misibani pia. Alikuwa mpima ardhi. Alizunguka Kagera nzima na Land Rover ya ofisi, kwenye changarawe na kwenye matope, na hadi leo ukimtajia mlima wowote wa kwetu atakwambia unapandwa kwa gia namba ngapi. Tulipostaafu, yeye vipimo vyake na mimi chaki zangu, tukajenga huku Goba, juu ya kilima ambacho mvua ikinyesha hata mbuzi wanasita kukipanda. Theonest alikuwa akikipandisha na Carina yetu huku anapiga mluzi.

Kisha mwaka jana Carina ikaanza kuchubuka. Ilianza na nguzo ya geti. Kikafuata kioo cha pembeni, ambacho tulikibadilisha na kikang'oka tena. Halafu ikawa meza ya ndizi ya Mwamvita, jirani yetu wa barabarani, ambaye kwa bahati alikuwa amekwenda kutafuta chenji. Ukilitazama gari lile kutoka kulia, lilikuwa safi kama linakwenda kubeba bibi harusi. Ukizunguka kushoto, ungedhani limetoka vitani.

"Gari linavuta kushoto," Theonest akatangaza.

Fundi Mwishehe akaitwa. Akalala chini ya Carina nusu siku, akabadilisha tairodi za usukani, akapima magurudumu, akaliendesha hadi njia panda na kurudi akiwa ameachia usukani. "Mzee, mbona limenyooka kama rula?" akasema. Theonest akamjibu kwamba mafundi wa siku hizi hawana mikono.

Mimi nilikuwa najua. Kiti cha abiria kiko kushoto, na mimi ndiye ninayekikalia. Gari halikuwa linavuta popote. Bodaboda ilikuwa ikitokea upande wangu, naiona kabisa, hadi rangi ya kofia ya dereva, na mume wangu anaifuata tu kama vile barabara ni yake peke yake. Siku ya kwanza nilipiga kelele. "Baba Stanley, boda kushoto!" Akakanyaga breki, paji langu la uso likakisogelea kioo, naye akasema, "Nimeiona." Aliyeona hashtuki namna ile.

Kuanzia hapo kazi ikawa yangu. Boda kushoto. Shimo kushoto. Mama na mtoto mgongoni, kushoto, punguza. Theonest akaniita utingo wake, akawa anacheka peke yake. Nilikuwa nikifika kanisani na shingo imekauka kama kuni, na rozari niliyoianza getini imeishia fumbo la pili. Nyumbani hatukulizungumza kamwe. Sisi Wahaya tuna majivuno yetu, sikatai, na mwanamume wa Kihaya aliyewahi kupewa gari la ofisi ana ya ziada. Jambo lile tulikuwa tunalipita pembeni kama shimo, kila mmoja akijifanya halioni.

Ndipo binti yetu Loveness akaja na habari yake. Yeye anaishi nyumba ya tatu kutoka kwetu, anatoka kwenda kazini jua halijachomoza. Gari la shule lilikuwa limekataa kupanda upande wetu kwa sababu barabara imeharibika, na Clara, mwanawe wa miaka saba, hakuwa na wa kumpeleka.

"Baba, wewe si upo tu? Uwe unampeleka Clara na Carina. Kuanzia Jumatatu."

Theonest alikubali kabla sentensi haijaisha. Mimi nilikuwa namenya ndizi, na kisu kikasimama chenyewe.

"Nitakuwa nawasindikiza," nikasema.

"Ya nini, mama Stanley? Wewe pumzika. Kumpeleka mtoto shule siyo safari ya kwenda Bukoba."

Usiku ule sikulala vizuri. Kila nikifumba macho namwona Clara kwenye kiti changu, ameshika mkoba wake, na hakuna wa kusema boda kushoto. Nilimkasirikia Theonest, nikamkasirikia Loveness asiyejua kitu, na zaidi nilikasirikia mdomo wangu, ambao umefoka darasani miaka thelathini na sasa ulikuwa umeshonwa.

Mwanetu Stanley ndiye aliyeingia katikati. Huyu anatengeneza na kuuza kompyuta Kariakoo, anaishi Kinyerezi, na alikuwa ameshauona ubavu wa Carina. "Mama, mikono ya mzee iko fiti kweli?" akaniuliza kwenye simu. Kwa kuwa fundi alisema gari ni zima, yeye aliona tatizo ni mikono, uzee, kwamba baba yake hawezi tena kuushika usukani ukatulia. Jumapili baada ya misa akaja na boksi kubwa. Ndani mlikuwa na usukani wa kuchezea magari kwenye TV, pamoja na pedali zake na mkono wa gia.

"Tunamfanyia baba intavyuu," akamwambia Loveness, kwa utani ambao haukuwa utani. "Akimaliza raundi tatu bila kugonga, Clara ni wake."

Theonest akavuta kiti kama mtu anayekwenda kusaini mkataba.

Mchezo wa kwanza ulikuwa na magari yenye rangi za peremende. Ukigusa usukani kwa kidole, gari limeshageuka. Theonest, ambaye amezoea kuuzungusha kwa mikono miwili, alikata kona ya kwanza akaingia ukutani, akarudi barabarani, akaingia ukuta wa pili. Usukani ulikuwa mwepesi, haumwambii kitu. Gari lilikuwa linakata kona bila breki, linateleza ubavuubavu huku muziki unapigwa.

"Hili siyo gari, hii ni sabuni!" akafoka.

Loveness alikuwa amejishika shavu. Mimi, Mungu anisamehe, nilianza kupumua. Nikajua akigonga mara moja zaidi Loveness atatafuta njia nyingine, na hakuna atakayehitaji kusema neno lolote.

Lakini Stanley ni fundi, na fundi akiona kitu hakijafungwa sawasawa hawezi kukiacha. "Subiri, baba. Huo ni wa watoto, nilianza nao kukupasha tu. Ngoja nikuwekee wa kweli." Akaweka mchezo wa pili, akaingia kwenye setingi, akauambia usukani uzunguke mizunguko yote kama wa gari halisi, kisha akauongezea uzito. Mkono wa gia ulikuwa umefungwa kulia mwa meza, kama kwenye magari ya Ulaya, na mkono wa kushoto wa Theonest ulikuwa ukienda kutafuta gia hewani. Stanley akauhamishia kushoto, mahali ambapo Mungu na Mwingereza waliuweka.

Barabara ikatokea kwenye TV. Ya changarawe, na mlima. Theonest akaushika usukani, na usukani nao ukamshika. Una mota ndani yake. Ukipita kwenye mawe unatetemeka, gari likianza kuteleza unalegea, likipata njia unajirudisha wenyewe mkononi. Niliona mabega yake yakishuka.

"Ah," akasema. "Huu unaongea."

Akaanza kupiga mluzi.

Basi akaendesha. Alipunguza gia kabla ya kona, akauacha usukani urudi wenyewe, akakanyaga mafuta taratibu pale pale ambapo angekanyaga akiwa na Land Rover njia ya Biharamulo. Raundi ya kwanza akaimaliza safi. Stanley akasema, "Dingi bado wamo!" Alikuwa amesahau intavyuu, amebaki mtoto anayemwangalia baba yake. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kochi naomba agonge. Sioni aibu kulisema. Nilimwombea mume wangu ajali, ile ya kwenye TV, na kwa moyo wangu wote.

Hakugonga. Na katikati ya raundi ya pili nikaelewa kwa nini. Barabara yote ilikuwa imetoshea ndani ya TV. TV ilikuwa mbele yake moja kwa moja. Kushoto kwa TV kulikuwa na pazia letu tu, na pazia halivuki barabara. Kadiri alivyoendesha vizuri ndivyo nilivyozidi kuogopa.

Raundi ya tatu ikaisha. Loveness akapiga makofi. "Baba, Jumatatu uko kazini!" Nikafungua mdomo. Sijui ningesema nini, lakini naapa ulikuwa umefunguka.

Theonest akanyanyua mikono yote miwili kwa ushindi, na mkono wa kushoto ukapiga glasi. Juisi ya ukwaju ikamwagika yote, kwenye suruali yake ya misa na kwenye gauni la Clara, aliyekuwa amesimama ubavuni kwake, karibu na mkono wa gia.

"Clara!" mama yake akamkaripia. "Unamsogeleaje babu hivyo? Si ungemwambia?"

"Nimesimama hapa tangu babu anaendesha gari la sabuni," Clara akasema, na mdomo unaanza kucheza. "Nikawa nampa juisi. Hakuniangalia."

Theonest akageuza shingo, akaigeuza yote, pamoja na mabega, hadi akampata mjukuu wake. Akamtazama muda mrefu, kisha akaweka kiganja juu ya kichwa chake.

"Stanley," akasema. "Humo kwenye mchezo wako kuna watoto wanaovuka barabara?"

"Hapana, baba. Hiyo ni barabara ya mashindano, inafungwaga."

"Na boda?"

"Hamna."

"Ndiyo maana nimeshinda."

Akatoa ufunguo wa Carina mfukoni, akauweka mezani, kando ya usukani wa kuchezea.

"Mwishehe alisema kweli. Gari halivuti kushoto. Mie ndiye sioni kushoto. Tangu Pasaka, au kabla yake. Nikitazama mbele, upande ule hakuna kitu, ni kama umefutwa. Mama yenu ndiye anayeendesha. Mie nashika usukani tu."

Nilikaa chini pale pale, kwenye zulia lililolowa ukwaju, nikalia. Loveness akadhani nimehuzunika, akaja kunikumbatia. Haikuwa huzuni hata kidogo. Ilikuwa ni kama kushusha ndoo kichwani baada ya kupanda kilima chetu chote. Shingo yenyewe ilikuwa haiamini.

"Baba Stanley," nikasema nilipopata sauti, "utingo wako anaomba kuacha kazi."

Akaanza kucheka, nami nikacheka, wote wawili kama wendawazimu, na watoto wakabaki wanatuangalia.

Jumatatu hiyo Loveness aliomba ruhusa kazini akampeleka Clara mwenyewe, na Stanley akatupeleka kwa daktari wa macho. Ni presha ya macho, akasema daktari, dada kijana mwenye maneno machache. Kilichopotea hakirudi, lakini kilichobaki kinaweza kulindwa kwa dawa ya matone, kila siku, bila kuruka. Angechelewa zaidi asingebakiwa na cha kulinda. Mficha maradhi kilio humfichua, na sisi ukwaju ulikiwahi kilio. Theonest alitoka mle ameshika kichupa chake kama mtu aliyepewa hati ya kiwanja.

Carina sasa iko Kinyerezi kwa Stanley, na ubavu wake umepigwa rangi. Usukani wa kuchezea umebaki kwetu. Kila jioni Theonest na Clara wanashindana, na kila jioni wanagombana kuhusu mchezo upi ni bora. Clara anataka sabuni. Babu yake anasema gari lisilo na uzito mkononi linamfundisha mtoto dharau, kwamba atakua akidhani kona ni za bure. Anamwekea wa changarawe, anamshikisha usukani, anamwambia, "Sikiliza, unakwambia kitu." Clara anasikiliza kidogo, kisha anaomba sabuni.

Na babu bado anampeleka shule. Tulipata bajaji ya Lusungu, kijana wa mtaa wetu asiyependa mbio, na babu anakaa nyuma na mjukuu wake kila asubuhi hadi getini kwa mwalimu. Siku ya kwanza niliandamana nao, nikisema nataka kununua samaki njiani. Clara akakaa katikati, mimi kushoto, kama kawaida yangu.

Tulikuwa tunashuka kilima. Theonest alikuwa anamwonyesha Clara nyumba za upande wake na kumweleza ipi imejengwa nje ya mipaka. Bodaboda ikachomoka kwenye kichochoro upande wangu, imebeba magodoro.

"Boda kushoto!" nikapiga kelele.

Lusungu hakugeuka wala hakushtuka. Alikuwa ameshapunguza mwendo zamani, na boda ikapita na magodoro yake.

"Nimeiona, mama," akasema.

Alikuwa ameiona kweli. Theonest akanyoosha mkono nyuma ya mgongo wa Clara, akanigusa bega. Nikaegemea kiti. Nakumbuka nilitazama duka moja la vifaa vya ujenzi, na baada ya hapo sikumbuki chochote, mpaka nikasikia mkono mdogo unanivuta kitenge.

"Bibi, amka," Clara akasema. "Tumefika."