Nilinyamazisha Gia kwa Ndizi, Mama Akavunjika

Bwana Mhariri, kosa ni langu mimi. Jina sitalitaja, ingawa watu wa hapa watanijua tu, na wanijue! Sitaki mtu anihurumie.

Mimi ni dereva na fundi wa lori la kaka yangu, mfanyabiashara hapa Biharamulo. Lori lenyewe ni kuukuu. Meno ya gia yalikuwa yamelika, ukiteremka mlima gia ya pili inachomoka yenyewe, na kelele zake usiseme. Watu sokoni walitusikia kabla hatujaonekana.

Vipuri tuliagiza Mwanza, havikufika. Kaka akachoka kuchekwa. Akaniambia, "Likilia hivi tena naliuza, na wewe utarudi dukani kupima chumvi."

Mimi nipime chumvi! Basi nikafanya ujanja ambao madereva wa njia hii tunaujua sana, maana ndizi huku hazikosekani. Nikatwanga ndizi mbivu pamoja na maganda yake, nikachanganya na grisi, nikafungua sanduku la gia nikashindilia. Uji ule ukajaa katikati ya meno, lori likanyamaza kabisa.

Kaka akanisifu barazani mbele ya watu. "Mdogo wangu ni fundi!" Nami kichwa kikavimba. Nilijua vizuri kwamba ndizi huziba sauti tu, na jino lililolika linabaki vilevile. Sikusema.

Siku hizo dada yetu alijifungua kule Ngara, mama akataka kwenda kumkanda. Lori lile alikuwa akiliogopa kwa sababu ya kelele zake, hajawahi kukubali kulipanda. Asubuhi ya safari alinikuta napakia mizigo.

"Mwanangu, limepona kweli?"

"Limepona, mama. Hulisikii lilivyotulia?"

Akapanda. Jamani, akapanda kwa neno langu! Akakaa mbele, katikati yangu na kaka.

Tulipokuwa tukiteremka upande wa Kanazi, gia ya pili ikachomoka. Zamani ilikuwa ikibadilisha mlio kwanza, nami naiwahi kwa mkono. Safari hii sikusikia kitu. Nikairudisha, ikasaga, ikakataa, na breki zilikuwa dhaifu. Upande mmoja bonde, upande mwingine mlima. Nikaligongesha mlimani. Mlango ukafunguka, kaka na mama wakarushwa nje. Kaka alichubuka, mama akavunjika nyonga.

Mzee mmoja, mkulima wa hapo, akaja na wanawe na machela. Hata shikamoo nilisahau. Akaniambia, "Pole, mwanangu. Gari lilikuwa gonjwa?"

Kabla sijajibu kaka akadakia, "Zima kabisa, mzee. Ni utelezi tu." Barabara ilikuwa kavu, vumbi tupu!

Tangu siku ile mama hatembei. Na kaka, asije akapoteza wateja, huku nyumbani amewaambia watu kwamba mama aliteleza kisimani. Wageni wanakuja kumpa pole, wanamwonya awe mwangalifu na kisima! Mama anaitikia, anawashukuru. Nami nilikaa pembeni nikiitikia pia. Mpaka leo nikikumbuka naona aibu.

Wapo wanaosema nisishike spana tena. Hao siwasikilizi. Vipuri vilipofika nilivifunga mwenyewe, na lori linakwenda. Kazi yangu naijua, nitaifanya. Ninachojutia ni kumdanganya mama yangu ili niitwe fundi.

Madereva wenzangu wa Ngara na Biharamulo, mnaoshindilia ndizi mnajijua. Mwambieni abiria kabla hajapanda! Akikataa, ashuke, aende kwa miguu yake angali anayo.

Kaka ameapa kunifukuza nikiyatangaza haya. Na anifukuze! Sikuomba ruhusa yake. Niliyemwomba ni mama. Nilimsomea barua hii kitandani kwake, neno kwa neno, naye akasikiliza mpaka mwisho akiangalia ukuta.

"Ipeleke posta," akasema. "Lakini kwanza nigeuze, upande huu unaniuma."