Kisanduku cha Pili cha Kurwa

Pacha wangu Kurwa alinitangulia kuzaliwa kwa dakika kumi, lakini mie Doto ndiye niliyekuwa namwamulia mambo yote. Yeye mpole, mie mdomo. Mwenye nyumba akileta za kuleta, anatumwa Doto. Pale sokoni Tandale tulikuwa na meza moja ya dagaa, na mteja akitaka kujua yupi ni yupi, anangoja mmoja afoke. Anayefoka ni mie.

Mwaka juzi wakaja watu wa utafiti kwenye zahanati ya mtaani. Walikuwa wanachukua damu za watu wazima na kuzihifadhi kwenye majokofu miaka na miaka, magonjwa ya kurithi yaje yachunguzwe hata na wataalamu ambao leo bado wananyonya. Nikasema damu yangu haiendi popote. Kurwa akasema yake waichukue, hata akifa itafaa wengine. Basi nikamsindikiza, maana alikuwa amesahau miwani nyumbani, na fomu yenyewe ilikuwa kurasa nne.

Nikamsomea harakaharaka, meza nimemwachia jirani na jua linawaka. Kisanduku cha kwanza: unakubali damu yako ihifadhiwe? Ndiyo. Cha pili: tukigundua jambo linalohusu afya yako, tukuambie?

"Waniambie," akasema Kurwa.

"Wakuambie nini? Mtu mwenyewe ukiumwa kichwa tu unaanza kuaga!"

Akacheka. "Weka ndiyo bwana, Doto."

Nikaweka alama kwenye hapana. Nilijiambia namwepusha na mawazo. Akatia saini pale nilipomwonyesha kwa kidole, tukarudi sokoni.

Mwezi wa tatu mwaka huu Kurwa alianguka akiwa amebeba ndoo ya dagaa. Hakuwa anaumwa chochote. Hospitali wakasema ni moyo. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja, kama mie.

Arobaini ya msiba ilipopita, nikawafuata watu wa utafiti nikiwa nimevimba kwa hasira. Nilitaka waitupe ile damu, sitaki dada yangu abaki kwenye jokofu. Akanipokea Adelard, kijana yuleyule aliyemtoa Kurwa damu. Akanipa pole, akafungua kompyuta aandike kwamba mwenyewe amefariki. Katikati ya kuandika akaacha, akanitazama.

"Dada, nyie mmefanana hivi tangu kuzaliwa?"

"Sura yangu imekukosea nini?"

"Nenda hospitali ukapime moyo. Wiki hii, usingoje."

"Mmeona nini?"

"Siruhusiwi kusema, dada. Yeye alikataa kuambiwa, na sie tukaheshimu."

Akanigeuzia kompyuta niione fomu ya Kurwa. Ile alama ilikuwa yangu, nene, ya mtu mwenye haraka zake.

Jamani! Nilitaka kumwambia si yeye aliyekataa, ni mie. Mdomo wangu huu, ambao soko zima linauogopa, ukagoma. Nikisema, nimekiri kwamba kama si mie dada yangu angekuwa hai. Nisiposema, namwachia marehemu kosa langu. Nikaaga, nikatoka, hata hiyo damu niliyoifuata sikuikumbuka tena.

Vipimo vyangu ni Jumatatu. Naogopa, sifichi. Najichukia pia, na hilo sina wa kumwambia. Na Raudha, binti ya Kurwa, ana miaka kumi na tisa. Naye lazima apimwe. Jana tukiwa tunachambua dagaa nikamwambia tutakwenda wote.

"Ghafla hivi, mama mdogo? Kuna nini?"

"Wale wa utafiti wameshauri."

Akaacha kuchambua. "Wale? Mama alikuwaga anawangojea hao. Simu yake ilikuwa haizimwi, umeme ukikatika anakimbilia kwa jirani kuomba chaji. Kila mwezi ukiisha anasema, hawajapiga, basi mie mzima."

Nikainamia ungo. Nikaendelea kuchambua.

"Mie nikamwambia labda wamepoteza namba," akaendelea Raudha. "Akasema haiwezekani, fomu alijaza Doto, na Doto hakosei."

Akaniangalia. "Si wewe ndiye uliyemjazia, mama mdogo?"

Nikamwambia ndiyo, nilimjazia mie.