Alama za Kila Jumatatu

Mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi, na mwalimu hawezi kuona kitu asikipe alama. Ndiyo maana sikushtuka sana Jumatatu ile ya kwanza alipoketi mbele yangu na daftari na biki nyekundu. Jana yake, baada ya misa, nilikuwa nimekunywa kasiksi, pombe ya ndizi, hadi jua likazama.

"Papa, kichwa iko ngapi leo, sur dix?"

"Six," nilijibu, sita kwa kumi, maana kilikuwa kinapasuka.

Akaandika. Akauliza kiu, akauliza tumbo. Kisha akajaza kikombe cha chai hadi ukingoni, akataka nimpe mkononi. Nilipoimwaga, akahesabu matone kwenye kitambaa cha meza. Siku hiyo alimpeleka binti yetu shule yeye mwenyewe, kwa miguu, ingawa kwa kawaida nilimpeleka mimi kwa pikipiki, wala sikujiuliza kwa nini.

Hakugomba. Hilo ndilo lililonitia wasiwasi. Mwanamke anayegomba unajua anataka nini. Huyu aliandika tu, akafungia daftari kabatini.

Kufikia Jumatatu ya tatu nilikuwa na hakika kwamba ule ni ushahidi, na utapelekwa kwa wazee wa shirika letu la parokia, wale wanaosuluhisha ndoa za watu. Shemeji yangu akija kumsalimia dada yake, nilisogeza kiti karibu na mlango wa jiko. Wakinyamaza ghafla, nilijua ni mimi ninayesemwa. Basi nikaanza kujikinga. Kichwa kikawa trois, tatu, kisha deux, mbili. Kikombe nikakishika kwa mikono miwili, nikasingizia chai iko moto.

Jumatatu moja nilisema un, moja tu, huku macho yakikataa mwanga. Nikampakia binti, mtoto wa miaka sita, kwenye pikipiki. Mvua ilikuwa imenyesha. Kwenye mteremko tope lilinizidi, au mikono, sijui, tukaanguka. Alichubuka magoti yote mawili. Lori lililokuwa nyuma yetu lilisimama hatua mbili kutoka kichwa chake.

Jioni, mama yake akimfunga bendeji, nilifungua kabati kwa kisu. Nilitaka kulichoma daftari kabla wazee hawajaliona.

Hakukuwa na neno juu ya tabia yangu. Kila Jumatatu ilikuwa na jumla, na pembeni mstari mmoja. Mwanzoni: mutoto anaenda na mimi. Alama ziliposhuka: mutoto anaenda na papa yake. Ya siku ile: papa amesema un, anaenda naye.

"Juu ya nini haukuniambia?" nilimuuliza.

"Kama nilikuambia, ungesema zéro kila lundi."

Niliona aibu hadi miguuni.

Jumatatu iliyofuata chai ilijazwa tena. Jana yake nilikuwa nimekunywa, sitadanganya. Binti alisimama mlangoni, kofia ya pikipiki kichwani, ananitazama mdomo.

"Huit," nilisema, nane kwa kumi.

Mke wangu akafunga daftari. Binti akavua kofia upesi, bila kuficha furaha yake, akamshika mama yake mkono.