Feni Mbili Zilizovutana Nyumbani kwa Mkunga

Saa tatu asubuhi, katika chumba kidogo nyuma ya kiwanda, mwanamke aliyevaa glavu nene anauziba mdomo wa bomba kwa kipande cha bati. Hauzibi wote kwa mara moja. Analisogeza bati taratibu, huku sikio lake likiwa karibu na boksi jeupe lililotundikwa ukutani. Ndani ya boksi moto wa gesi unawaka, rangi ya buluu. Juu ya moto, feni ndogo isiyozidi ukubwa wa kisosi inaunguruma, inapandisha sauti, inahangaika. Kisha unasikika mlio mdogo, tik, na moto unazimika.

Mwanamke anatabasamu kama aliyeletewa habari njema.

“Imekataa,” anasema. “Nikiibana hivi lazima ikatae. Ingeendelea kuwaka ndiyo ningeogopa.”

Wenzake kiwandani wanamwita Bi Upepo. Kazi yake ni kubuni feni zinazotoa moshi kwenye hita za maji zinazotumia gesi, zile zinazofungwa ukutani ili mtu afungue bomba na kuoga maji ya moto papo hapo. Majirani zake mpaka leo hawajaielewa kazi hiyo. Wakimwuliza, hujibu kwamba anatengeneza feni, na jioni yake humletea mapangaboi yao mabovu.

Gesi inapowaka huacha moshi ambao jicho halioni. Hewa ikipungua, au moshi ukikosa pa kutokea, ndani yake huzaliwa kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Haipigi hodi. Mtu husikia usingizi tu, akalala, na asiamke. Feni ya Bi Upepo iko pale kuhakikisha moshi wote unasukumwa nje ya nyumba.

“Maji ya moto watu wanayaona,” anasema. “Mimi nashughulika na kile wasichokiona.”

Udadisi wake ulianzia jikoni kwa mama yake, kwenye moto wa kuni. Kila mama alipohama upande kuukwepa moshi, moshi nao ulimfuata, na wanawe wakicheka kwamba unampenda. Binti yake huyu hakucheka. Aliuliza kwa nini. Aliuliza nyumbani, akauliza shuleni, akaambiwa aache maswali yasiyo na kichwa wala miguu. Alipata jibu akiwa mtu mzima: mwili wa aliyekaa karibu na moto huzuia upepo, mbele yake hewa ikapungua, na moshi ukakimbilia pale penye upungufu.

“Siku nilipoelewa, nilimpigia mama simu,” anasema. “Nikamwambia haukuwa unakupenda, ulikuwa unakukuta njiani. Akaniuliza kama ndiyo hayo niliyompigia.”

Kiwandani aliingia akiwa na miaka ishirini na miwili, kibarua wa kufunga maboksi. Feni zilizorudishwa na wateja zilitupwa karibu na meza yake, na yeye wakati wa mapumziko alizifungua kuona kilichoziua. Meneja alimkuta siku moja amezungukwa na vipande, akadhani anaiba. Alipomaliza kumsikiliza, alimhamishia idara ya majaribio na baadaye akampeleka chuo cha ufundi kwa masomo ya jioni. Sasa ana miaka arobaini na mmoja, na feni nyingi zinazotoka pale zimepita mikononi mwake.

Lakini feni iliyo ukutani asubuhi hii ina habari yake, na habari hiyo ilianza kwa simu ya bibi mmoja.

Bibi huyo ni mkunga mstaafu. Ametoka hospitali miaka mingi, ila mtaani kwake wazazi wapya hawajamstaafisha. Humpelekea watoto wachanga awaogeshe na kuwafundisha mama zao namna ya kuwashika. Alikuwa amefungiwa hita ya kiwanda hicho, na hita hiyo ilikuwa na tabia ya ajabu. Siku za kawaida ilifanya kazi bila tatizo. Akiletewa mtoto mchanga, ilizimika.

Mwanzoni alidhani ni bahati mbaya. Ilipojirudia, akaanza kutania kwamba hita yake haipendi watoto. Majirani hawakutania. Wakaanza kunong’ona kwamba nyumba ile ina neno, na mama mmoja akaacha kumpeleka mwanawe.

Fundi aliyeifunga aliitwa, mtu wa makamo, mchapakazi, mwenye wateja mtaa mzima. Aliijaribu, maji yakatoka ya moto. Akaitwa tena, ikawa vilevile. Alipoitwa mara ya tatu alichoka, akasema dawa ni kuiruka swichi ya usalama, ile inayozima moto moshi usipotoka. Angeunganisha nyaya mbili tu na usumbufu ungekwisha.

Mkunga alimwuliza swichi hiyo imewekwa kwa kazi gani. Fundi akasema mafundi wengi huiruka na hakuna lililotokea. Bibi hakuridhika. Akapiga simu kiwandani, akapewa mtu wa mauzo, akamkatiza.

“Sikutaki wewe unayeuza,” alimwambia. “Nipe aliyeitengeneza.”

Bi Upepo alikwenda na mfuko wake wa vifaa, akamkuta fundi amekwishafika, koleo mkononi. Wakaiwasha hita. Maji ya moto. Akapima bomba la moshi kuanzia hita hadi nje, halikuwa na tundu wala kiota cha ndege. Akakaa jikoni, akapewa chai, akaishiwa mawazo. Ndipo alipouliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameuliza.

“Mama, mtoto akiletwa, wewe huwa unafanya nini?”

“Namwogesha, mwanangu. Kwani nifanye nini tena?”

“Na kabla ya kumwogesha?”

Bibi akaona maelezo yatakuwa marefu. Akachukua taulo, akalikunja kama mtoto, akalipakata, akaanza kuigiza. Kwanza akafunga dirisha la jikoni, kwa sababu mtoto hatakiwi kupigwa na baridi, na barabara ya nje ilikuwa inachimbwa, vumbi tele. Akafunga na mlango. Akabandika sufuria jikoni, maana mama aliyejifungua hawezi kuondoka pale bila kunywa kitu cha moto. Sufuria ilipoanza kutoa mvuke, akawasha feni kubwa ya kuvuta moshi wa jikoni, zawadi ya mwanawe wa kwanza, aliyeinunua kwenye mkahawa uliofungwa. Kisha akaenda bafuni na taulo lake, akafungua bomba.

Maji yalitoka ya moto. Muda mfupi baadaye, tik. Yakapoa.

Bi Upepo aliwasha kijiti cha udi, akakisogeza chini ya kifuniko cha hita, penye mwanya. Huwa anatumia vijiti hivyo kuona hewa inakokwenda, na kiwandani wamechoka kumtania kuwa chumba chake kinanukia kama cha bi harusi. Moshi wa udi ulitakiwa kuvutwa ndani ya hita na kupanda bombani. Haukupanda. Ulipinda, ukageuka, ukaingia nyumbani.

“Nyumba ilikuwa inavuta pumzi kupitia hita yangu,” anasimulia.

Feni ya mkahawa ilikuwa na nguvu mno. Dirisha na mlango vikifungwa, ilinyonya hewa ya nyumba nzima, na hewa ya kujazia pengo haikuwa na njia nyingine ila bomba la hita. Feni ndogo ilisukuma nje, feni kubwa ilivuta ndani. Ndogo ikishindwa, swichi ilizima moto. Siku ambazo hapakuwa na mtoto, dirisha lilibaki wazi na feni mbili hizo hazikugombana.

Kila mmoja aliwaza nyaya mbili zile, dirisha lililofungwa na kichanga kwenye beseni. Fundi aliliweka koleo mezani, akakaa.

“Bibi,” alisema kwa sauti ya chini, “mimi ningewaua.”

Bibi alimwambia kwamba hajaua mtu, basi anyanyuke afanye kazi. Siku hiyohiyo fundi alitoboa ukuta wa jikoni karibu na sakafu, akaweka tundu la hewa lenye wavu, na hita ikatulia. Lakini tangu hapo, kazi ya kwanza aliyojipa ilikuwa kuwapitia wateja wake wa zamani kuhakikisha hakuna swichi iliyorukwa, iwe na yeye au na mwingine.

Kwa kiwanda, mambo yalikuwa yameisha. Meneja aliona kosa ni la nyumba, si la mashine, na akashauri waongeze onyo kwenye karatasi ya maelekezo. Bi Upepo alimwuliza nani husoma karatasi akiwa na sabuni machoni. Watu watafunga madirisha tu, alisema, na feni za jikoni zinazidi kuwa kubwa. Meneja alicheka, akampa ruhusa kwa sharti moja: feni mpya iwe na nguvu zaidi, isiwe na kelele zaidi.

Sharti hilo ndilo lililomtoa jasho. Feni ya hita ni gurudumu lenye mapanga madogo, linalozunguka ndani ya ganda lililojipinda kama la konokono. Alipoongeza kasi, ikapiga mluzi. Akabadilisha mkunjo wa mapanga, mluzi ukahamia kwingine. Akaongeza idadi yake, ukawa mkali zaidi. Kwa muda mrefu alikuwa akirudi nyumbani kimya, na mumewe alijua asimwulize kitu mpaka ameshakula.

Mumewe hutengeneza redio, na ana masikio ya paka. Jumamosi moja Bi Upepo alimletea feni nyumbani, akaiwasha kwenye meza yake ya kazi katikati ya spika zilizochanwa. Mume akasikiliza, akainamisha kichwa.

“Tatizo si kelele,” alisema. “Inaimba sauti moja tu. Mvua ya bati ina kelele kuliko hii, na unalala.”

Bi Upepo alishika tama. Alijua sauti ile inakotoka: kila panga likipita kwenye ncha ya ganda, hewa inapigwa, na kwa kuwa mapanga yamepangwa kwa nafasi sawa, mapigo yanafuatana sawasawa mpaka yanakuwa wimbo. Basi akayapanga kwa nafasi zisizolingana, mengine yakaribiane, mengine yaachane. Gurudumu likaanza kuyumba kama mlevi, ikabidi alipunguze uzito hapa na pale hadi litulie. Akaisogeza ncha ya ganda mbali kidogo na kuilaza upande. Mluzi ukavunjika vipande, ukawa mvumo wa kawaida. Mwisho akaweka mota inayohisi upinzani na kuongeza kasi yenyewe inapoelemewa. Ikishindwa kabisa, swichi bado ipo na moto unazimika. Hilo halikuwa la kujadiliwa.

Feni ya kwanza aliipeleka nyumbani kwa mkunga. Tundu la ukutani likazibwa kwa muda wa jaribio, dirisha na mlango vikafungwa, feni ya mkahawa ikawashwa mpaka mwisho. Fundi alikuwepo, safari hii yeye ndiye aliyeshika kijiti cha udi. Moshi uliyumba, ukasita, kisha ukaingia kwenye hita na kupanda juu. Maji hayakupoa. Bi Upepo anasema hakushangilia. Alisimama mlangoni mwa bafu hadi mvuke ukamfunika miwani.

Kisha wakafungua tundu na dirisha, wakapima hewa, ndipo mtoto wa kwanza akaletwa. Aliyemleta ni yule mama aliyekuwa ameogopa.

Feni hiyo inaanza kutengenezwa kwa wingi mwaka huu. Ile ya ukutani asubuhi hii ni moja kati ya zile za majaribio ya mwisho, na anapanga kuziziba zote moja baada ya nyingine hadi aridhike. Lakini alipoulizwa anatamani nini baada ya hapo, hakutaja feni. Ameomba stoo tupu ya kiwanda iwe darasa la mafundi wafungaji. Hatawapa karatasi. Ataweka nyumba ndogo ya vioo, hita moja, feni kubwa ya jikoni na dirisha la kufunga, kila fundi alifunge kwa mkono wake na kuona kinachotokea.

Meneja ameshakubali. Mkunga ameomba aje kuwa mwanafunzi, ingawa si fundi, na amekwishatoa sharti lake: madarasa yasiwe asubuhi, kwa sababu asubuhi ana watoto wa kuogesha.