Gogo Nililoliweka Chini ya Jembe

Ndugu zangu, aibu hii naisema mwenyewe kabla hamjaisikia kwa majirani. Trekta la marehemu mume wangu Laurenti lilinyanyua jembe likagoma kulishusha. Hapa Nyakakika hakuna anayeijua haidroliki ya zamani vile, ile mitambo ya oili inayonyanyua jembe, kwa hiyo mkwe wangu Yustina akatafuta mtandaoni, akampata fundi Sospeteri, akatokea kwenye simu tukimwona uso.

"Shikamoo bibi. Kabla hamjafungua mpira wa oili, wekeni gogo gumu chini ya jembe."

"Marahaba baba, nitaliweka mimi."

Magogo ya mkaratusi yalikuwa kwa jirani yetu Bezaleli, mlimani. Karibu yangu ulilala mgomba nilioukata asubuhi, mnene hasa. Sisi mgomba tunaukalia, tunaviringishia mapipa juu yake, basi mimi nikaona hilo ni gogo. Nikausukuma chini ya jembe, nikajisifu kwamba bado nina nguvu.

Mwanangu Deusi alikuwa ameshalala chini ya trekta. "Mama, umeweka gogo?"

"Nimeweka. Fungua!"

Akafungua. Jembe lilishuka lote juu ya mguu wake, nikausikia ukivunjika.

Bezaleli na wanawe walipomvuta nje, mimi ndiye niliyepiga kelele kuliko wote. "Fundi wa kwenye simu ameniulia mtoto!"

Sospeteri akasema taratibu, "Bibi, hebu nionyesheni hilo gogo."

Nilitaka kulifunika kwa kanga, lakini Yustina alishageuza simu. Mgomba ulikuwa umepondeka bapa, maji yakiutoka. Deusi akaacha kulia, akanitazama.