Saitabau Apima Gari la Marehemu

Saitabau Ntutu hajui kusoma, lakini wilaya nzima ya Kilosa hakuna anayebishana naye juu ya thamani ya mnyama. Mnadani humzunguka ng'ombe mara mbili, humkandamiza mgongo, humfungua kinywa, kisha hutaja bei. Akishaitaja, muuzaji na mnunuzi huacha kelele. Ukame ulimaliza ng'ombe wake mwenyewe, akabaki na macho tu, na macho hayo ndiyo yanayomlisha yeye na mkewe Nashipai. Namwandika hapa kwa sababu alinisukuma kufanya jambo ambalo mimi, mwalimu mkuu mstaafu, nisingethubutu kulifanya peke yangu.

Mume wangu, marehemu Nikolaus, alikuwa fundi mkuu wa shamba la mkonge. Alituachia nyumba hapa Magomeni ya Kilosa na gari jekundu la spoti, la viti viwili, alilopewa na meneja mgeni aliyerudi kwao. Maisha yake yote alisema magari kama lile yako kumi na mawili tu duniani. Maneno hayo niliyaandika katika wasifu wake, na katekista akayasoma mbele ya jeneza.

Mwaka huu akaja Hussein, mwenye hoteli ya watalii kule Mikumi. Alitaka kulinunua gari aliweke mlangoni ili wageni walipige picha.

"Lakini Mwalimu," akasema, "nani atanihakikishia kuwa ni adimu? Mtaalamu wangu wa Dar es Salaam hapokei simu."

"Si aitwe Saitabau!" akapaza sauti jirani yangu Magreti, ambaye ukuta wetu haujawahi kumzuia kusikia.

Hussein akacheka. Kisha akaacha kucheka. "Aitwe," akasema. "Neno lake nitalikubali."

Mimi sikuona cha kuchekesha. Gari la Nikolaus kupimwa na mtu wa mnadani! Lakini kukataa kungeonekana kama nina la kuficha.

Jumamosi asubuhi Saitabau akashuka kwenye bodaboda, fimbo mkononi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Saitabau. Gari ndilo hili."

"Dume au jike?"

"Ni gari."

"Naona ni gari. Nauliza."

"Jike," akasema Hussein haraka, na shauri hilo likaisha.

Akalizunguka mara mbili. Akalikandamiza mgongo. Akaomba kuona kinywa, tukamfungulia boneti. "Yamebaki meno manne," akasema alipoziona plagi. "Mzee huyu." Kisha akataka kuliona likitembea. Injini haikuwa imewaka kwa miaka, kwa hiyo wanaume watano wakalisukuma hadi barabarani, naye akalifuata ameinama, akitazama nyonga. Mimi nilikuwa nyuma yake na mwavuli wangu, nikiwaitikia shikamoo watu waliotoka madukani kuja kutazama.

"Simamisheni!" Akapiga magoti nyuma ya viti, akakwangua rangi kwa ukucha. Chini ya wekundu kikatokea kijani.

"Mwalimu," akaniambia kwa sauti ya chini, "huyu si mmoja. Ni wawili. Mbele ametoka kwa watu wengine, nyuma kwa wengine. Hapa ndipo alipounganishwa."

Kijani kile nilikijua. Ni rangi ya pikapu za shamba, na moja ilipinduka Kidete mwaka uleule Nikolaus alipojifungia gereji miezi mitatu, akatundika turubai mlangoni na kunikataza hata kumpelekea chai. Nikauona wasifu, nikamwona katekista, nikawaona wanangu Rafaeli na Lightness wakichekwa makazini mwao.

"Usimwambie," nikanong'ona. Kabla ya siku ile sikuwahi kumwomba mtu yeyote anifichie jambo.

"Mnadani, mwenye mnyama akificha kilema nikakitaja mimi, jina lake limekwisha. Hata mbuzi wake hanunuliwi. Akikitangaza mwenyewe kabla ya bei, hakuna ruhusa ya kumcheka. Nitakohoa mara moja, Mwalimu. Nikikohoa mara ya pili, nasema mimi."

Akakohoa.

Nikapanda ngazi ya duka la mchele, nikatoa sauti niliyokuwa nikiitumia paredi ya asubuhi shuleni.

"Gari hili ni mawili! Mbele ni la meneja, nyuma ni pikapu ya shamba! Aliyeyaunganisha ni mume wangu Nikolaus, kwa mikono yake. Na mle kwenye wasifu, tulikosea!"

Magreti akafungua kinywa. Saitabau akamnyooshea fimbo, akakifunga.

"Kwa hiyo si kumi na mawili?" Hussein akauliza.

"Nimeona ng'ombe wengi kuliko nywele zako," Saitabau akamjibu. "Wa namna hii sijamwona, na aliyemtengeneza amekufa. Ni mmoja. Ng'ombe thelathini."

"Thelathini wa bei ya leo au ya kiangazi?"

"Ya leo."

Wakashikana mikono.

Sasa liko Mikumi, mlangoni pa hoteli. Kibao chake nilikiandika mwenyewe, na sikuruhusu neno liongezwe: *Limeundwa na fundi Nikolaus wa Kilosa. Duniani liko moja.* Wasifu nao nimeusahihisha kwa wino, kila nakala niliyoipata.

Saitabau hupita kulitazama kila anapokwenda minada ya huko. Wiki iliyopita alinipigia simu.

"Mwalimu, anakonda. Wamemweka peke yake."

Nimezungumza na Hussein. Ameahidi kuegesha jingine karibu naye.