Unyenyekevu Wenye Riba

Jumatatu, kwenye dirisha la ofisi ya kodi hapa Mtwara, nilimkuta mfanyabiashara wa korosho wa Mikindani akijipepea kwa kofia.

"Mzee, mwanzo wa mwaka ulikadiria faida ndogo, ukatanguliza kodi kidogo," karani alimwambia. "Faida imekuwa kubwa. Kilichopungua utakilipa pamoja na riba."

"Mwanangu, nitangaze neema kabla haijafika? Si ningeitafutia mahasidi?"

"Mahasidi hawamo kwenye hesabu zetu, mzee."

Alilipa akiguna. Nami simcheki, kwetu hata aliyeshiba akiulizwa hali hujibu "hivyo hivyo tu", na hadi siku ile jibu hilo lilikuwa la bure, halitozwi riba.

Nje nikamuuliza biashara inakwendaje.

"Tunasukuma siku tu," alisema, kisha akalitazama dirisha na kuninong'oneza: "Yule akikuuliza, mwambie nimesema nzuri kidogo."